Choroko za Injinia Egidius

Wakuu, hivi mtu anaweza kufukuzwa kazi kwa kuloweka choroko ambazo si choroko?

Anaweza. Nilikuwepo. Tena nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Naitwa Nelly, fundi mitambo hapa Ifakara. Mwaka juzi niliajiriwa kwenye mradi wa nishati. Unachukua spiriti ya chenga za mchele, unaichanganya na mvuke wa maji, unaipitisha kwenye bomba la moto lenye vidonge vya nikeli. Upande wa pili inatoka haidrojeni ya kuzalisha umeme.

Umeme huo ulikuwa wa zahanati ya Michenga, ambako wakunga walikuwa wanazalisha kwa tochi ya simu. Wafadhili walitaka kitu kimoja tu: mtambo ufanye kazi siku tatu mfululizo.

Wetu haukumaliza saa nane. Vidonge vinashikwa na masizi, bomba linaziba, kwisha habari.

Bosi wetu, Injinia Egidius, alitoka Dar na koti jeupe ambalo hakulivua hata kwenye joto la Februari. Jamaa anajua kila kitu, muulize yeye mwenyewe. Mpishi wetu, shangazi Restuta wa Masagati, alikuwa anatia maji ya majivu ya maganda ya ndizi kwenye maharage ili yaive haraka. Egidius akiona tu, uso unakunjamana.

"Mnakula jalala," anasema, huku anaongeza upawa wa pili.

Wageni wakija, mimi ndiye nilikuwa nawaeleza tatizo. "Udongo uliobeba nikeli ndani ya vidonge una tindikali. Spiriti ikikutana nayo, inageuka masizi badala ya gesi." Shangazi yuko pembeni anagawa chai. Nani ana habari naye?

Jumatatu moja nakuta beseni jikoni. Vidonge vyetu vyote vya mwisho, vile vya kijani kijani, vimelala kwenye maji ya majivu.

"Shangazi! Nini hiki?"

"Si choroko? Tangu jana nimeziloweka, hazilainiki. Mmeuziwa mbovu."

Nilikaa chini kwa kicheko. Egidius hakucheka.

"Bibi hajui tofauti ya nikeli na mboga! Toka hapa!"

Shangazi akavua aproni, akaikunja vizuri. "Ila msivitupe. Vikausheni, mvichome, mtumie hivyo hivyo."

Nikajua anajitetea tu.

Vidonge vipya vingechukua miezi miwili kufika, kwa hiyo tukatumia hivyo hivyo. Saa nane zikapita. Siku ikapita. Siku ya tatu mtambo bado unaunguruma. Tulipofungua bomba, masizi yalikuwa ya kufuta kwa kidole.

Hapo ndipo nikaelewa. Majivu ya maganda ya ndizi yana potasiamu, na potasiamu ni alkali. Iliipoza ile tindikali. Nikamweleza Egidius.

Kesho yake ubaoni pameandikwa: MBINU YA EGIDIUS. Sitanii.

Wafadhili wakasema wanakuja kujionea. Egidius naye akawaza kwa akili ya koti lake: kama kidogo kimefanya maajabu, kingi je? Akaleta magadi, nayo ni alkali, gunia zima, akachemsha vidonge humo mpaka vikaota ukoko mweupe. Nilimwambia ni mengi mno. Akaniuliza nina digrii ngapi.

Siku ya wageni tukawasha. Saa ya kwanza, kimya. Ya pili, gesi kiduchu, taa haikuwaka hata kwa aibu. Magadi yalikuwa yameifunika nikeli yote, spiriti haina pa kugusa.

"Kipimo chenu ni kipi?" mfadhili mmoja akauliza.

Mtaalamu wetu akaonyesha gunia tupu.

Tukapewa miezi mitatu ya mwisho. Vidonge vikaagizwa upya, mimi nikapanda bodaboda mpaka Kivukoni. Shangazi Restuta alikuwa anakaanga perege karibu na daraja.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Magadi yamewashinda?"

"Umejuaje?"

"Nilimwona akipita hapa na gunia. Hata maharage ukizidisha magadi yananuka sabuni. Majivu ni kiganja kimoja kwa sufuria moja ya maji. Basi."

"Sasa shangazi, zile choroko..."

Akageuza samaki kwanza.

"Nelly, nimelima choroko miaka thelathini. Nishindwe kuzijua?"

Akaopoa samaki mmoja kwenye mafuta.

"Kila siku nakusikia, tindikali, tindikali. Kwetu kitu kikali kinapozwa kwa majivu. Ningewaambia, mngenisikiliza?"

"Mimi ningekusikiliza, shangazi."

"Ulicheka, mwanangu."

Niliona aibu ambayo mpaka leo haijaisha. Nikamwomba arudi.

"Kwa yule sirudi. Lakini kipimo nenda nacho. Wanaojifungua Michenga hawajanikosea."

Mtambo ulifanya kazi siku tano. Zahanati ina taa mpaka leo, na ubavuni mwa mtambo nimeandika kwa rangi nyekundu, kwa mkono wangu: KIPIMO CHA RESTUTA. Egidius aliagiza kifutwe. Nikamuuliza ana viganja vingapi vya majivu.

Wakuu, mtu mzima akijifanya mjinga mbele yako, usikimbilie kucheka. Jiulize umemdharau kiasi gani, mpaka akaona ujinga ndiyo njia pekee ya kukusaidia.