Gari la Wakrah Lililogoma Kubadili Gia

Ipo siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, na nitaikumbuka mpaka meno yaanguke. Najua mnacheka. Mnasema mzee gani huyu, ndevu zenyewe za kuhesabu? Chekeni tu. Hapa Industrial Area, mtaa huu wa magereji wa ughaibuni, uzee hauangalii mvi, unaangalia nani alitangulia kushuka kwenye ndege. Mimi niliwatangulia, kwa hiyo sogezeni hizo ndoo, mkae, mumsikilize baba yenu aliyeishia darasa la saba.

Siku hiyo gerejini kwetu liliingia gari kubwa jeupe kutoka mji wa Al Wakrah, linajikokota kama ng'ombe anayepelekwa mnadani. Otomatiki, lakini limeng'ang'ania gia moja, halipandi wala halishuki, na herufi za gia kwenye dashibodi zinawaka na kuzima. Dereva wake Mpemba, Hamadi, kijana mpole kama maji ya mtungi. Kaja na mwenye gari, yaani tajiri wake, na mama mzazi wa tajiri, ambaye nyumba nzima wanamwita Mama Kubwa.

Tajiri hata hajashuka vizuri, kashaanza. "Huyu kaua giaboksi! Nikiwa sipo analikimbiza. Mkifungua mkakuta limekufa, wiki hii hii namrudisha kwao!"

Hamadi akanisogelea, anaangalia viatu vyake. "Kaka, begi langu lishafungwa, liko mlangoni. Sijalikimbiza, wallahi."

Tukachomeka mashine ya kusomea. Ikasema kosa liko kwenye umeme wa giaboksi. Mimi huyo, nikavuta jeki, giaboksi lishuke! Ndipo akatokea Mzee Shomari, fundi wetu wa umeme, mtu wa Tanga, tumbo limetangulia, mita inaning'inia shingoni kama daktari wa wilaya.

"Unakwenda wapi na jeki, we bwana harusi?"

"Nalishusha, mzee. Mashine imesema."

"Mashine imesema panapouma. Imekwambia pana nini?"

Nikaweka jeki chini, na nashukuru niliiweka, maana nilipata nafasi ya kumtazama yule mzee akifanya kazi. Mwanangu, kuna watu wanatazama mpira, mimi nilimtazama Shomari. Akapima betri. Akafuata waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye bodi, mpaka mwisho. Akachomoa plagi ya giaboksi, kavu, safi. Akachovya oili akainusa. "Giaboksi lililokimbizwa oili yake hunuka kuungua," akasema. "Hii nzima." Kisha akaingia kiti cha mbele, akainamia mkono wa gia, akatulia kidogo kama anayesikiliza redio ya jirani.

"Hamadi, mwanangu, humu kulimwagika kitu?"

Hamadi akatupa jicho kwa Mama Kubwa. "Hapana, mzee."

Mtu mwingine angembana. Shomari hakumbana. Akamgeukia tajiri kwa Kiarabu chake cha miaka mingi, akasema gari bado halijaongea, twende tukalisikilize. Lakini kila mtu akae anapokaa siku zote, na dereva apite njia yake ya siku zote.

Basi, Mama Kubwa akakaa mbele, maana nyuma humtapisha. Sisi watatu tukabanana nyuma, tajiri katikati yetu na manukato yake yote, na mimi na grisi yangu. Mzee amevuta waya kutoka chini ya mkono wa gia mpaka kwenye mita, mita iko mapajani kama mtoto. Tukashika njia ya Wakrah, tunajikokota, Hamadi anatoka jasho na AC inapuliza.

Njiani pana kibanda cha karak, ile chai ya maziwa na iliki. Nyie wageni mtaijua tu: hushuki, unapiga honi, unaletewa dirishani. Hamadi hakupiga honi. Hata hakugeuza shingo. Lakini jamaa wa kibanda aliliona gari likija polepole, akatoka mbio na kikombe mkononi.

"Mama Kubwa! Ya kwako hii! Sukari mara mbili, kama kawaida!"

Mwanangu, tajiri akainama mbele kati ya viti.

"Mama," tajiri akasema taratibu, "daktari alikwambiaje kuhusu sukari?"

"Daktari hanywi karak, atajua nini?" Akapokea kikombe, maana kimeshakuja, akakiweka pale pa siku zote, kando ya mkono wa gia. Na pale pa kikombe pana ufa. Gari likaruka tuta dogo, chai ikachuruzika, mita ya Shomari ikacheza.

"Hamadi, egesha."

Mzee akafungua kifuniko cha mkono wa gia. Chini yake plagi ndogo imeganda chai ya siku nyingi, ya kahawia, inanata kama gundi. Umeme unavuja kupitia sukari, gari halijui mkono wa gia uko wapi, basi linaogopa kubadili. Kikulacho ki nguoni mwako. Akaisafisha kwa spiriti, akaikausha, akairudisha. Hamadi akaondoa gari, na gia zikapanda moja baada ya nyingine, laini kama samli.

Tajiri akauliza, "Hamadi, mbona hukusema?"

"Sikujua kama chai inaumiza gari, Baba. Nilijua tu Mama kaniambia nisimwambie mtu."

Mama Kubwa akageuka mzima mzima. "Kama kuna wa kurudishwa kwao, nirudishe mimi."

"Kwenu si Wakrah, Mama?"

"Ndiko tunakoelekea. Endesha, Hamadi."

Tajiri alicheka mpaka akanipaka mimi manukato. Lakini kikombe alikichukua, akakinywa mwenyewe.

Tuliporudi nikamuuliza Shomari, "Mzee, iliki uliinusa tangu gereji?"

"Niliinusa. Ila ningesema mimi, tajiri angedhani dereva kamwaga chai yake mwenyewe. Nikaacha gari liseme."

Mpaka leo nikimkumbuka yule mzee navua kofia, hata kwenye jua hili.

Basi shikeni, wanangu. Usishushe giaboksi kabla hujafuata waya, wala usimhukumu mtu kabla hujakaa alipokaa. Mwenye hofu usimbane, mtengenezee njia, ukweli utakuja wenyewe na kikombe mkononi. Na ukipewa siri ya mtu, itunze kama Hamadi, ila uifunike vizuri.

Mungu awape mikono mitulivu na pua kali, awapitishe kwenye jua hili salama, na siku mkifunga begi, lifungwe kwa zawadi za nyumbani. Haya, amkeni, basi la kampuni hilo linapiga honi.