Wingu la Aurora

Kwa miaka ishirini na sita, kila mungu aliyeshuka kutoka mbinguni katika jumba dogo la opera la Hallvik alishushwa na Ingegerd Wallmo. Majira ya baridi alipanga barua posta kama mtu yeyote. Kiangazi kikifika alivaa viatu vya soli laini, akapanda ngazi za nyuma ya jukwaa na kushika fimbo yake. Akiigonga sakafuni mara moja, watu wanane walianza kusukuma gurudumu kubwa la kamba. Akigonga mara mbili, walisimama. Huko mbele watazamaji waliona mungu ameketi juu ya wingu la mbao na kitambaa, anatua polepole kama unyoya. Hawakujua kama kuna Ingegerd, na hilo halikumuuma hata kidogo.

Kilichomuuma ni Embla.

Embla alikuwa na miaka ishirini na minne. Alikuja misimu miwili nyuma, hajui hata kufunga fundo, na Ingegerd ndiye aliyemfundisha. Mwaka huu walikuwa wanafufua opera iliyolala miaka mia tatu bila kuchezwa, habari za Aurora, mungu wa alfajiri, anayemwiba mwindaji mwenye mke wake. Didrik, muongozaji, alitaka wingu liguse sakafu palepale Aurora anapomaliza wimbo. Embla alijua kusoma noti za muziki. Ingegerd alikuwa na masikio tu.

"Fimbo tumpe Embla," Didrik alisema wakati wa kahawa, mdomo umejaa andazi la iliki. "Unanielewa, Bi Ingegerd?"

"Nakuelewa sana." Andazi lake akalirudisha kwenye sahani.

Torkel, msukuma gurudumu wa siku nyingi, hakuweza kunyamaza. "Karibu gurudumuni kwetu sisi punda, malkia! Huku hatupigi fimbo, tunapigiwa!"

Watu wakacheka. Embla naye akacheka, na kicheko kile Ingegerd alilala nacho wiki nzima.

Onyesho la kwanza lilikuwa Jumapili mchana, na mvua ilinyesha tangu asubuhi. Sasa, zile kamba za katani zikinywa unyevu hujikaza na kuwa fupi. Siku kavu wingu hutua kwa mizunguko kumi na mmoja. Siku ya mvua ni kumi na miwili. Jambo hilo halikuandikwa popote, lilikaa kichwani mwa Ingegerd, na misimu miwili ya Embla ilikuwa mikavu.

Embla alipita na karatasi zake za noti. "Bi Inge, kuna kitu nimesahau?"

Maneno yalifika hadi kwenye meno.

"Hakuna," Ingegerd akasema. "Si unasoma wewe?"

Fimbo ikagonga. Wakasukuma. Mzunguko wa kumi na moja ulipokwisha, fimbo ikagonga mara mbili, na wingu likaning'inia kimo cha goti juu ya sakafu. Aurora alikuwa ameshamaliza wimbo. Akanyoosha mguu, akakuta hewa. Vinanda vikanyamaza. Ukumbi mzima kimya.

Embla hakuitazama karatasi. Aligeuka moja kwa moja kumtazama Ingegerd, macho wazi kabisa, bila lawama.

Ingegerd akainua kidole kimoja.

Fimbo ikagonga. Wakasukuma mzunguko mmoja zaidi, wingu likashuka bila muziki wowote, mguu ukagusa sakafu, na hapo fidla zikaingia kama zilikuwa zinausubiri. Watu wakasimama kwa makofi.

Baadaye Didrik alipanda ngazi mbio. "Ule ukimya! Embla, umeutoa wapi? Mungu anaogopa kuigusa dunia yetu! Tunaubakisha, kila onyesho!"

"Makubwa," Torkel akamnong'oneza Ingegerd. "Mwenzio kakosea, kapewa maua."

Wengine walipoondoka, Embla alibaki. "Kumbe ni mvua iliyozifupisha kamba, na ulijua."

"Nilijua."

"Mbona ukasema hakuna?"

Ingegerd aliinama, akafunga kamba ya kiatu iliyokuwa imeshafungwa. "Kwa sababu fimbo ile ni yangu."

Embla akakunja karatasi zake za noti. "Mimi nilikutazama kabla hata sijafikiri," akasema. Akaiegemeza fimbo ukutani, katikati yao, akashuka.

Ingegerd hakuigusa. Nje mvua ilikuwa imebaki manyunyu. Alisimama chini ya upenu, mwavuli umefungwa, akiyakagua mawingu upande wa ziwa, na akajikuta anaomba inyeshe na kesho, aone kama Embla atamtazama tena.