Herufi Iliyoandikwa kwa Wino

Tarehe 14 Machi 2006, jina la fundi wa eksirei mwenye umri wa miaka ishirini na sita lilipigwa mstari mwekundu kwenye ratiba ya hospitali kuu, na pembeni pakaandikwa: "Ahamie stoo ya filamu." Ratiba ile bado ipo. Mwenyewe anajua iko faili gani, rafu ya ngapi.

Kosa aliloandikiwa halikuwa dogo. Picha ya kifua ilionyesha maji yamezingira pafu moja. Herufi ya upande kwenye filamu ilikuwa R, yaani kulia, daktari akatoboa kulia, kumbe maji yako kushoto. Mgonjwa alinusurika, ila alilala wodini wiki sita. Mkuu wa idara akasimama mbele ya kamati, mikono nyuma, akasema zamu ilikuwa ya yule binti.

Zamu kweli ilikuwa yake, lakini picha hakuipiga yeye. Alikuwa ameitwa wodini kupiga picha kwa mashine ya magurudumu, na mkuu, kwa haraka zake, akapiga mwenyewe. Mafundi hubandika herufi ndogo ya madini ya risasi kwenye kaseti, kasha la filamu, kabla ya kupiga, ili mionzi iichore ndani ya filamu yenyewe, isifutike tena. Binti za kwake alizitoboa tundu la sindano katikati, kila mtu ajue kazi ni ya nani. Wenzake wakamwita Mama Alama. Mkuu aliona huo ni ushamba. Yeye alipiga kwanza, upande akauandika baadaye kwa kalamu, kwa kukumbuka.

Filamu ikapotea kabla kamati haijaiona. Mama Alama aliikuta mwezi wake wa nne stoo, imechomekwa kwenye bahasha ya mgonjwa mwingine. Haikuwa na risasi wala tundu. Ilikuwa na R ya wino, mkia umepinda kama ndoano, mwandiko ambao idara nzima iliujua. Hakumwambia mtu, maana siku hizo kamati ilikuwa mfukoni mwa mkuu. Akaificha kabatini kwake chini ya mashuka, akarudi chuoni kusomea tiba ya mionzi. Mara tatu ameomba ukuu wa kitengo. Mara tatu faili lake limefunguliwa kwenye ukurasa ule ule wa kosa la 2006.

Mwaka huu mkuu, sasa mstaafu, aliletwa na mkewe akiwa na uvimbe kooni, upande wa kushoto. Akapangiwa vipindi thelathini na tano vya mionzi, kwenye chumba cha Mama Alama.

Utaratibu unataka mgonjwa ataje upande wake kila siku kabla ya kulala mezani.

"Upande gani, Mzee?"

"Si unaujua, binti yangu."

"Naujua. Nataka uutaje wewe."

"Kushoto."

"Sijasikia."

"Kushoto!"

Siku kumi na nne alimtajisha hivyo, na kila siku alitoka mle ndani ameshiba.

Ijumaa, kipindi cha kumi na tano, alimwinamia akiwa ameshika ile barakoa ya plastiki yenye matundu, iliyofinyangwa kwa sura ya mzee.

"Ile filamu ya kifua ninayo. Jumatatu naipeleka kwenye kamati."

Kisha akamvisha barakoa, akaikaza vifungo mezani. Mtu aliyebanwa hivyo hajibu neno. Akatoka, akafunga mlango mzito, akapiga kwanza picha ya ukaguzi. Taya lilikuwa limesogea milimita nne. Akarudi, akamlaza upya bila haraka, akapima tena: nusu milimita. Hapo ndipo alipowasha mionzi. Hakutaka atokee mtu wa kusema alimkosea huyu hata unywele.

Alipomfungua, mashavu ya mzee yalikuwa na chapa za matundu.

"Mwanangu, nina wajukuu. Pamba na tone la spiriti tu, wino utatoka, yaishe."

"Ndiyo maana tunatumia risasi, Mzee."

"Unataka kunizika na aibu?"

"Nikuzike? Si mimi ninayekutibu? Shuka taratibu, usije ukaanguka. Na Jumatatu uvae shati lisilo na kola, shingo itakuwa inawasha."

Jumatatu saa tatu asubuhi ataingia kwenye kamati na filamu kwapani. Saa tano ni kipindi cha kumi na sita cha mzee. Atakuwa amesharudi chumbani, na atamuuliza upande.