Tarehe Niliyoinunua

Mume wangu alitoka nyumbani Msambweni siku ya Jumatatu, tarehe tatu Juni, baada ya swala ya alfajiri, akiwa amevaa shati la kijani ambalo nilikuwa nimemshonea kifungo cha pili. Hakurudi. Siku aliyotoka ninaijua kwa yakini. Siku aliyokufa siijui mpaka leo, na kutoijua huko ndiko kulikonifanya, miaka mingi baadaye, nikawa mwenye hisa katika kampuni ya kufuatilia vyombo vya baharini.

Asiyekuwa wa kwetu huenda asione uzito wa jambo hili. Mwanamke aliyefiwa hukaa eda ya miezi minne na siku kumi, na siku hizo huhesabiwa tangu mume alipokata roho. Aliyefiwa na mume kitandani ana tarehe yake. Mimi nilikuwa na tarehe gani? Sikujua kama nivue bangili au niendelee kuzivaa. Nikizivua, nilikuwa ninamzika mtu ambaye pengine yu hai; nikizivaa, nilikuwa ninajipamba juu ya maiti. Siku ya arobaini nilizivua. Wifi yangu, dada wa marehemu, akaja akaniona mikono mitupu.

"Kulikoni, wifi? Umeota?"

"Siku ya arobaini hii, wifi."

"Arobaini ya nani? Kaka yangu hana kaburi, wewe una haraka ya kukaa eda. Eda ya nani, ya hicho kiti alichokuwa akikikalia?"

Nilizivaa tena mbele yake. Miezi saba tangu mume wangu atoke, ubao wenye jina la mashua uliokotwa pwani ya Jego, na tarehe kumi na moja Januari kadhi akahukumu kwamba mume wangu amekufa. Eda yangu ikahesabiwa kuanzia siku hiyo ya hukumu. Watu walisema nimetulizwa. Sikutulizwa. Nilikaa eda ya karatasi, na ile ya haki, ambayo ilipita nikiwa nimevaa bangili, haitanirudia.

Nilianza masomo ya ngumbaru nikiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, nikifua mashuka ya hoteli Diani asubuhi na kwenda darasani alasiri. Mwalimu alianza kila somo kwa kuandika tarehe kwenye pembe ya juu ya ubao, na sisi tukainakili. Wenzangu waliiona kazi bure. Mimi niliinakili kwa mkono ulionyooka, nikaipigia mstari kwa rula. Mtihani wa darasa la nane niliufanya nikiwa na miaka arobaini na saba, na cheti chake kimetundikwa ukumbini kwangu, juu kuliko picha ya harusi. Sitaji hayo kwa kujisifu. Nayataja kwa sababu baadaye cheti hicho kitanigharimu.

Tarehe ishirini na sita Februari, wanawake wa Msambweni tuliitwa katika chumba cha darasa la chekechea kumsikiliza mtu mmoja kutoka Ukunda. Alikuwa mtu wa bara, mwenye umri usiofika miaka thelathini, aliyesomea ufundi wa mitambo na kufungua kampuni ndogo juu ya duka la saruji na mabati. Alishika mkononi kijisanduku cheupe, ukubwa wake kama kisahani cha sabuni. Kikifungwa kwenye mashua, alisema, hutuma kwa setilaiti mahali mashua ilipo kila baada ya nusu saa, nayo huonekana ofisini kwenye skrini kama nukta.

"Na ikizama?" nikamuuliza.

"Ikizama, mama, kitanyamaza. Lakini tutajua kilinyamaza wapi, na saa ngapi."

Sikuwa na swali jingine. Wengine waliuliza bei, betri, na kama kinaingia maji. Mimi nilikuwa nimekwisha amua. Nilikuwa nimeuza nusu ya kiwanja changu chenye minazi, nilichorithi kwa baba, kwa mtu aliyetaka kujenga nyumba ya wageni, na fedha hizo zilikuwa benki. Kaka yangu, aliyekaa Kibuyuni tulikozaliwa, alipopata habari alikuja kwa pikipiki hata salamu zisimtoke vizuri.

"Dada, nazi za mzee unazitia ndani ya kijisanduku?"

"Ninazitia katika kampuni. Nitapewa hisa."

"Hisa! Ungenunua ng'ombe. Ng'ombe hata akifa huliwa."

Nilimcheka. Tarehe nne Machi nilitia saini yangu, si kidole gumba, saini, na nikatoka pale juu ya duka la saruji nikiwa mwenye hisa tano katika kila mia.

Wavuvi hawakukitaka kijisanduku hicho, na sikuwalaumu. Kila nahodha ana mwamba wake, mahali anapojua samaki hujificha, na mwamba huo humrithisha mwanawe kama watu wengine wanavyorithisha shamba. Nani atakubali mwamba wake uandikwe kwenye skrini ya Ukunda? Basi mimi ndiye niliyetumwa kuwasemesha. Nilikwenda Kibuyuni mara nne. Wanawake walikuwa wakigeuza mwani juu ya vichanja, nami nikasimama kati yao nikaeleza habari za tarehe, za bangili na za ubao wa Jego. Waliposikia habari ya bangili waliacha kugeuza mwani.

Binti ya kaka yangu alikuwa miongoni mwao. Mumewe alikuwa na mashua ya injini aliyoimiliki pamoja na nduguye, na alikuwa mtu wa mzaha.

"Shangazi, unataka nikivua changu watu wa Vanga wajue kabla ya sufuria ya mke wangu?"

"Nukta yako itaonekana na ofisi tu. Nimeweka mali yangu huko na ninaweka jina langu pia."

"Jina lako, shangazi, ndilo limenishinda. Haya, nifungie hicho kisahani."

Kilifungwa mbele yangu, nyuma ya kiti cha nahodha.

Mwaka wa kwanza kulikuwa na mlinzi wa skrini usiku na mchana, hata siku za mapumziko. Mwaka wa pili mkurugenzi, kwani yule wa bara sasa aliitwa hivyo, alituita wenye hisa mkutanoni. Wenye malori yanayopita mpaka wa Lunga Lunga walitaka vijisanduku hivyo hivyo kwa ajili ya magari yao, na walikuwa tayari kulipa mara sita ya bei ya mvuvi. Tulipewa makaratasi ya kurasa nne, yote kwa Kiingereza. Tulikuwa watu saba mezani, na sita walikuwa wamesoma vyuo vikuu.

Ukurasa wa kwanza niliuelewa. Wa pili niliuelewa nusu. Wa tatu maneno yalinizidi. Nilikuwa na nafasi ya kusema, "Nisomeeni hapa kwa Kiswahili." Mfuaji wa mashuka niliyekuwa zamani angesema hivyo bila haya, maana hakuna aliyemtazamia kujua. Mwenye cheti hakusema. Niliitikia kwa kichwa taratibu, nikafunua ukurasa wa nne kwa wakati mmoja na wenzangu, na ilipoulizwa nani anakubali, mkono wangu ulikuwa wa pili kupanda. Siku ile ilikuwa Jumatano, tarehe ishirini na moja Agosti.

Siku ya Alhamisi, tarehe kumi na nne Novemba, mume wa binti ya kaka yangu na nduguye walitoka Kibuyuni asubuhi. Walitarajiwa jioni. Ijumaa baada ya Magharibi binti aliniita kwa simu, sauti yake ikiwa bado imetulia.

"Shangazi, hawajarudi tangu jana. Wanaume wamekwenda kuwatafuta upande wa Jego."

Walikwenda Jego kwa sababu yangu. Tangu ubao wa mume wangu uokotwe huko, kwetu kilichopotea hutafutwa Jego. Nilimwambia nitaipigia ofisi. Niliipigia mara tano, simu ikalia bila kupokewa. Nikafikiri wanashughulika na jambo lenyewe. Nikampigia binti nikamwambia maneno ambayo ningelipa kilichobaki cha kiwanja changu niyarudishe kinywani.

"Lala, mwanangu. Kijisanduku kiko macho."

Jumamosi saa mbili asubuhi nilikuwa Ukunda. Chumba cha mashua kilikuwa kimefungwa kwa kufuli. Chumba cha pili kilikuwa wazi, na ndani yake watu wawili wamekaa na chai mbele ya skrini mbili, wakitazama malori.

"Nifungulieni mle. Kuna mashua haikurudi."

"Shikamoo, mama. Mashua si zamu yetu. Ofisi ile ni Jumatatu hadi Ijumaa, mchana tu."

"Tangu lini?"

Wakatazamana. "Tangu malori yaje."

Hawakuwa na ufunguo, na nywila alikuwa nayo mkurugenzi, ambaye alikwenda Nairobi na simu yake imezimwa. Nilikaa kwenye ngazi za duka la saruji hadi adhuhuri, mimi mwenye hisa tano katika kila mia, watu wakinipita na misumari.

Jumatatu mlango ulipofunguliwa, nukta yao ilikuwa nyekundu na haisogei. Mashua yenyewe ilikutwa Jumanne, imepinduka, mbali mbele ya Diani. Wale wawili hawakupatikana.

Wiki iliyofuata mkurugenzi aliniita peke yangu. Alikuwa ameandika barua ya kampuni, ili familia iipeleke kwa kadhi, ikieleza kwamba mawasiliano na mashua yalipotea siku ya Jumatatu, tarehe kumi na nane Novemba. Alitaka niipeleke mimi kwa sababu ninaaminiwa.

"Nionyeshe skrini," nikasema.

"Mama, hayo ni mambo ya kitaalamu."

"Mkataba wangu unasema nina haki ya kuona kumbukumbu. Ukurasa huo niliuelewa."

Akanionyesha. Injini ilizimika Alhamisi alasiri. Tangu hapo nukta ilikuwa ikisukumwa na maji kwenda kaskazini, si Jego, polepole kama mtu anayetembea, Ijumaa yote; mlinzi wa mchana aliiona inasogea, akadhani wanavua. Ishara ya mwisho ilikuja Jumamosi, tarehe kumi na sita, saa kumi na robo alfajiri. Sidai kwamba ndiyo saa waliyokufa. Ninadai kwamba mpaka saa ile mashua ilikuwa ikiita, na Jumatatu ndiyo siku ambayo mtu alitazama tena.

"Ni siku mbili tu, mama," mkurugenzi akasema. Akaeleza kwamba kuna watu wa nje wanaotaka kuweka fedha nyingi, kwamba ripoti ikionyesha siku mbili za kimya wataondoka, na kwamba kampuni iko tayari kuzinunua hisa zangu kwa mara tatu ya nilichotoa, nikitia saini nisizungumze. Aliyasema kwa adabu. Sidhani alikuwa mtu mwovu, na hilo halijanipunguzia chochote.

"Mwanamke anaihesabu eda yake kwa karatasi yako," nikamwambia. "Siku mbili ni nyingi. Niandikie Jumamosi."

Hakuandika. Basi nilimtaka anichapishie kile kilichokuwa kwenye skrini, kama mkataba unavyoniruhusu, na hilo hakuweza kulikataa. Hisa sikuuza. Ningali nazo, na kila mkutano ninakwenda, na kila mkutano ninaomba nisomewe kila ukurasa kwa Kiswahili, wote wakisubiri. Yale makaratasi ya Agosti niliyatoa kabatini siku hiyo hiyo, nikakaa na kamusi alasiri nzima. Ukurasa wa tatu, mstari wa tisa: mashua hazitalindwa tena usiku wala siku za mapumziko.

Kibuyuni nilifika tarehe ishirini na nane Novemba. Binti ya kaka yangu alikuwa amekaa mkekani, mikono mitupu, bila wanja wala hina. Nilimpa ile karatasi ya skrini, nikamwonyesha kwa kidole saa na siku, nikamwambia ahesabu tangu Jumamosi na amwambie kadhi vivyo hivyo. Nilimwambia pia habari ya ukurasa wa tatu na mkono wangu. Aliitazama karatasi kwa muda. Nukta zilikuwa zimepangwa mstari mrefu ukipanda juu, kila moja na saa yake.

"Ulitaka tarehe, shangazi," akasema. "Haya, mimi ninayo."

Akaweka kidole katikati ya mstari.

"Na hapa? Ijumaa, saa nane mchana. Hapa ni wapi?"

"Ni mbele ya Msambweni."

"Mbele ya kwako?"

"Mbali kidogo na nchi kavu. Lakini ndiyo, mbele ya kwangu."

"Walikuwa hai?"

"Sijui, mwanangu. Nadhani walikuwa hai."

"Na wewe saa nane ulikuwa wapi?"

Mimi ni mtu wa tarehe. Hilo nalo ninalikumbuka. Tarehe kumi na tano Novemba, saa nane mchana, nilikuwa nyumbani, mlango wa kuelekea baharini uko wazi, cheti changu kikiwa ukutani juu ya kichwa changu.

"Nilikuwa ukumbini," nikamwambia. "Nilikuwa ninasoma."

Akaikunja karatasi mara nne, akaiweka chini ya mkeka, akaniomba nimpishe, kwa kuwa wakati wa swala ulikuwa umeingia.