Likizo ya Fundi Pancha

Neno likizo lina wenyewe. Wenyewe ni walimu, manesi, makarani wa wilaya na watu wa reli kule Manyoni. Fundi pancha hana likizo. Ana siku ambayo lori halikupita, na siku hiyo haiitwi likizo, inaitwa balaa.

Ndiyo maana Shelui nzima ilicheka Alphonce alipoaga kwamba anakwenda Singida mjini na mkewe, likizo ya wiki nzima. Madereva walimwuliza nani kamsainia barua. Aliyecheka kuliko wote ni Innocent, mwenzake wa kijiweni, kwa kuwa jeki na pampu angebaki nazo yeye.

Alphonce mwenyewe hakuona cha kuchekesha. Tangu ruksa ya biashara ianze, na malori ya watu binafsi yaanze kumiminika njia ile ya Nzega, hakuwahi kupata usingizi wa mtu kamili. Honi ikilia, ameamka. Harusi ya shemeji yake aliiacha katikati, tonge la pilau bado shavuni, akakimbilia tairi. Kwenye ubatizo wa mwanawe Peniel alifika na vidole vimegandana kwa solusheni, ile gundi ya viraka, akashindwa kufungua kitabu cha nyimbo. Watu wengine hutulia kama maji ya mtungini. Yeye hata akikaa kitako goti lake moja hucheza lenyewe. Kiguu na njia, ndivyo anavyoitwa mtu wa namna hiyo, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko suruali zake.

Loyce, mkewe, alivumilia miaka mingi, kisha uvumilivu ukamwisha. Jioni moja, akichambua mchele, alisema:

"Baba Peniel, mdogo wangu Yasinta ana nyumba Singida, na mumewe yuko Dodoma kikazi. Watoto tuwapeleke kwa mama yako. Twende tukae wiki moja, tutembee, tuongee. Ila ukirudi Shelui kabla ya wiki kwisha, urudi peke yako. Mimi sitarudi."

Hakupandisha sauti. Na sauti ya Loyce isipopanda ndipo ya kuogopwa.

Mipango yake haikuwa mikubwa. Alitaka waende ziwa Singidani wakaangalie wale ndege wekundu. Alitaka wazunguke sokoni bila kununua kitu. Alitaka wapige picha studio, wawili, kwa maana katika ndoa yao yote hawakuwa na picha hata moja. Siku waliyofika jua liliwaka, wakala mishikaki, Loyce akacheka hadi akashika mbavu. Kesho yake mvua ikaanza. Na mvua ikaleta mtu.

Mtu huyo alikuwa mama yao Loyce na Yasinta. Alisikia huko kwake Mgori kwamba binti zake wote wawili wako chini ya bati moja, akadandia lori la alizeti, akashuka mjini amelowa chapachapa na jogoo kwapani. Jina lake ni Dorkas. Nalitaja mimi. Alphonce hawezi kulitamka hata ashikiwe panga, maana kwa watu wa kwao mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawakai chumba kimoja wala hawali pamoja. Kijijini jambo hilo halimpi mtu taabu. Nchi ni pana, huyu akija na njia hii, yule hupita ile. Lakini nyumba ya Yasinta ilikuwa na vyumba viwili na sebule ya kuenea meza moja, na nje mvua haikuwa na simile.

Basi Alphonce akahamia chumba cha uani, katikati ya magunia ya mkaa, chini ya bati lililovuja. Asubuhi ikifika anakohoa kwa nguvu. Bibi huyo, aliyekuwa akiota moto jikoni, anajifunika khanga usoni. Alphonce anaamkia ukuta, "Shikamoo mama." Bibi anaitikia akiwa amelitazama jiko, "Marahaba, baba." Kisha mwanamume anachomoka kama mwizi, huyoo, barabarani.

"Unakwenda wapi na mvua yote hii?" Loyce huuliza.

"Mama yupo ndani."

Alijibu hivyo kila siku, na alijibu kwa uso wa huzuni. Lakini mimi sitamfichia. Moyoni alishukuru. Kukaa kitako wiki nzima kulikuwa kumemtisha tangu Shelui, na sasa alikuwa amepata sababu ambayo hata mchungaji asingeipinga.

Haya, mtu afanye nini mjini Singida mvua ikinyesha kutwa? Alphonce alifanya yote. Alisimama kwenye vibaraza vya maduka akatazama sabuni za kuogea zilizopangwa dirishani, zile zile ambazo zamani watu walizipangia foleni wakagombana. Alikwenda kwa mama Mboni, muuza chai, akanywa vikombe hadi tumbo likalia kama pipa. Aliingia banda la video, akatazama Wachina wakipigana mateke, na matone yalipopenya turubai mwenye banda akaifunika televisheni kwa koti lake, watu wakabaki wanasikiliza mateke bila kuyaona. Alijaribu makoti ya mitumba ambayo hakuwa na nia ya kuyanunua. Alitembea hadi ziwani peke yake, akakuta mvua imefunika maji yote, ndege hawaonekani, akasimama juu ya jiwe akilowa kama nguo iliyosahauliwa kambani. Hata yeye alijiuliza amefuata nini.

Kila alikoanzia, miguu ilimpeleka stendi ya mabasi. Pale alipata raha kidogo. Alipita akigonga matairi kwa kisigino, akiwaambia madereva lipi limepungua upepo, bila kuulizwa. Wapiga debe wakiita "Shelui, Igunga, Nzega!" goti lake lilicheza hata akiwa amesimama.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu ilikuja ikapita na hakuna aliyempa jembe, na laiti angepewa angelibusu.

Huko nyumbani jogoo alinenepa. Aliletwa kwa ajili ya mkwe, na jogoo wa mkwe hachinjwi mkwe akiwa hayupo. Alphonce alirudi jioni ameshakula mtaani, basi jogoo akaendelea kufungwa kwenye mguu wa meza, akila mchele wa Yasinta na kuwika wakati wowote alioutaka. Sidhani kama pale mjini kulikuwa na kiumbe kingine kilichoifurahia mvua ile.

Jioni moja Loyce alimfuata uani na kikombe cha chai. Alikaa juu ya gunia la mkaa bila kujali nguo yake.

"Nilitaka likizo na mume wangu," alisema. "Nimepata likizo na mama na jogoo. Hata picha hatujapiga."

"Mvua ikikatika tutakwenda."

"Mvua hii hii ndiyo unayotembea ndani yake kutwa."

Alphonce aliona machozi ya mkewe, na yalimuuma kweli. Lakini yeye maumivu humwingia miguuni, na asubuhi akawa tena barabarani.

Siku hiyo stendi kulikuwa na habari. Dereva mmoja aliyetoka upande wa Shelui alisema mlima Sekenke umegeuka ugali. Malori yamekwama foleni nzima, matairi yanapasuka juu ya mawe, Innocent amezidiwa na viraka vyake vinabanduka kabla gari halijafika darajani. Alphonce alisikiliza huku damu inamchemka. Viraka vinabanduka. Kijiwe chake, jina lake. Hakungoja kufikiri zaidi. Alipanda basi la Nzega lililokuwa likipakia, akaweka kofia yake juu ya kiti cha dirishani, akamwambia konda anafuata mfuko.

"Wahi, mzee," konda alisema. "Tukijaa tunapiga honi tatu, hatungojei mtu."

Nyumba ya Yasinta ilikuwa nyuma tu ya stendi, na Alphonce alijua mkewe na shemeji yake wako sokoni, kwenye kibanda cha Yasinta cha mitumba. Alikusudia kuondoka bila kuaga. Alikumbuka vizuri kabisa maneno ya Loyce, urudi peke yako, lakini alijiambia kwamba hasira za mwanamke hupoa. Mtu mwenye haraka hujidanganya upesi. Aliingia uani, akachukua mfuko, akageuka kutoka.

Hapo ndipo alipoona maji. Mtaro wa nyuma ulikuwa umefurika, na maji mekundu yalikuwa yakiingia mlango wa nyuma kama yana mwaliko. Ndani alisikia beseni likikwaruza sakafu. Bibi alikuwa peke yake, ameinama, anachota na kumwaga, na pembeni yake, sakafuni, lilikuwa robota jipya la mitumba ambalo Yasinta alikuwa hajalifungua. Mtaji wote wa Yasinta ulikuwa ndani ya robota lile.

Hakuna aliyekuwa amemwona. Basi lilikuwa hatua chache tu. Alphonce alisimama kwenye mvua, mfuko mkononi. Adabu ilimwambia usiingie, mkwe yupo. Kwa mara ya kwanza wiki ile aliichukia adabu hiyo, kwa sababu alijua ni mara ngapi ameitumia vibaya.

Akautua mfuko kizingitini, akaingia kinyumenyume.

Bibi alimsikia, akavuta khanga usoni, akageuka ukutani. Alphonce alilikamata robota kwa kupapasa, akaliinua, akalitupa juu ya meza. Jogoo akaruka kamba ilivyoruhusu, akatua juu yake. Kisha wakafanya kazi wakiwa wamepeana migongo. Bibi alijaza beseni akalisukuma nyuma, Alphonce akalipokea bila kugeuka, akamwaga nje, akalirudisha. Lakini maji yalikuwa mengi.

Ndipo bibi akasema, "Jogoo, mwambie baba, jembe liko nyuma ya mlango."

Alphonce alilichukua kwa mikono miwili. Alitoka nje akafungua mtaro, akakata njia mpya hadi barabarani, akachimba kama mtu aliyefunguliwa jela. Maji yakageuka. Aliporudi, kinyumenyume tena, sakafu ilikuwa matope matupu, lakini robota lilikuwa kavu.

"Jogoo," sauti ya bibi ikatoka ukutani, "mwulize baba, ule mfuko mlangoni unakwenda wapi?"

Alphonce aliutazama mfuko. Maji yalimtiririka shingoni.

"Usimlazimishe kujibu, jogoo. Mwambie tu heshima yake nimeiona. Kila siku amelowa kwa ajili yangu, Mungu ambariki. Lakini mwambie mimi si mtoto. Baba yao hawa mabinti alikuwa na miguu kama yake. Leo mnadani, kesho kwa ndugu, keshokutwa kesi ya mipaka. Alikaa nyumbani alipougua. Tukatazamana, tukakuta hatuna la kuongea. Tulikuwa wageni, jogoo. Akafa mgeni wangu."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama anayesimulia bei ya vitunguu. Alphonce alilitazama jembe alilolishika.

Mlango wa mbele ukafunguliwa, Loyce akaingia amelowa hadi kwenye nywele. Alitazama matope, akatazama robota na jogoo juu yake, akatazama mgongo wa mumewe. Mwishowe akauona mfuko kizingitini. Uso wake ukazima.

"Huo mfuko?"

Alphonce alifungua mdomo, na kwa kweli alikuwa tayari kuungama. Bibi akamtangulia.

"Nilimwambia jogoo amwambie auhamishe. Chumba cha uani kinavuja, vitu vyenu vitaoza."

Loyce alimtazama mama yake. Kama aliamini au hakuamini, hilo analijua mwenyewe.

Bibi akachukua kigoda chake, akakipeleka kwenye kona, akakaa ameelekea ukuta, khanga imemfunika kichwa. "Mimi nipo kwangu huku," alisema. "Nyie kaeni."

Wakakaa. Loyce alimimina chai vikombe viwili, akaketi kando ya mumewe kwenye benchi, bega kwa bega, kama watu wanaongojea kupigwa picha. Mvua ilikuwa ikigonga bati. Alphonce hakujua mikono aiweke wapi. Hakukuwa na tairi, hakukuwa na pampu, jembe lilikuwa limerudishwa nyuma ya mlango. Alitaka kuzungumza akaona hajui pa kuanzia, na kutojua huko kulimtisha kuliko mlima Sekenke.

Honi ikalia stendi. Mara ya kwanza goti lake likaanza kucheza. Mara ya pili likacheza hadi chai ikamwagika. Loyce aliliona. Mara ya tatu Alphonce akaweka kiganja juu ya goti, akalibana. Basi likanguruma, likaondoka, na kofia yake ikarudi Shelui peke yake.

Kwenye kona, bibi akaongea na ukuta.

"Jogoo, amekwenda?"

Alphonce hakuwahi kumsemesha kuku maishani mwake.

"Jogoo," alisema, "mwambie mama, nipo."

Loyce akainuka kwenda kutafuta kisu.