Zero Katika Nyumba ya Maziwa

Juzi mjukuu wangu wa kike aliniwekea mezani kazi yake ya shule: x² + 2x = 15. "Papa, hii ekwasyo inaanzia wapi?" Nilicheka peke yangu. Mimi na hesabu hiyo tunajuana tangu zamani, rafiki yangu. Ilibaki kidogo tu inirudishe kwa ng'ombe.

Mimi ni mtoto wa Bihambwe, kijiji cha milima ya Masisi, wa siku za Wabelgiji. Asubuhi ya kule haikuwa na haraka. Ukungu ulilala juu ya malisho hata usione mkia wa ng'ombe aliye mbele yako. Ulisikia tu kengele yake, na mdomo ukikata majani. Nyumbani koko wangu, mama ya baba, alikuwa akifukiza vibuyu vya maziwa kwa moshi wa majani makavu. Harufu ile, tamu na chungu kidogo, iliingia katika nguo zetu, katika nywele, hata katika vitabu. Wenzangu wa shule walinitania kwamba kitabu changu cha hesabu kinanuka mtindi. Ilikuwa kweli, wala sikuona haya.

Koko alikuwa na sheria moja asiyoifanyia mchezo. Katika nyumba yake hakuna aliyetamka kwamba maziwa yameisha, wala kwamba kibuyu ni kitupu. Maziwa yakiisha ulisema "imejaa", na mgeni aliyezoea kwetu alielewa, akashukuru, akaenda zake. Kuutaja utupu mbele ya vibuyu ni kuuita, njo alivyoamini, na ng'ombe wana masikio. Nilipokuwa mdogo niliwahi kuropoka. Alinipeleka nje, akanisukutua mdomo kwa maziwa, kimya, machozi yakimlengalenga. Afadhali angenipiga.

Sasa huyu mwalimu wetu. Alitoka Walikale, mtu wa msituni, mwembamba, mpole, na baridi ya milima yetu ilimtetemesha tangu asubuhi mpaka kengele ya mwisho. Alituchagua sisi wachache tuliopenda hesabu, akatufundisha mchana, wengine wakiisha kwenda nyumbani, ili tujaribu mtihani wa shule ya waalimu. Baba alikuwa amesema wazi: nijaribu mara moja, nikishindwa, fimbo ya kuchunga iko nyuma ya mlango. Nami nilitaka ualimu, jamani. Nilikuwa nikiwafundisha ndama kusoma.

"Peleka yote upande moja," mwalimu alisema, akiandika kwa chaki juu ya tablo. "Upande ingine ibakie zero. Kisha vunja ile kubwa, itoe vipande viwili vyenye kuzidishana. Vikizaa zero, kimoja lazima kiwe zero. Vikizaa kumi na tano, haviwezi kukuambia kitu."

Wenzangu waliandika. Mkono wangu uligoma. Kuvunja hesabu niliweza, tena haraka kuliko wote. Lakini kuhamisha kila kitu kutoka upande mmoja, kisha kuandika utupu kwa mkono wangu mwenyewe, juu ya karatasi inayonuka moshi wa vibuyu vya koko? Sikuweza. Niliacha kumi na tano palepale, nikaandika x(x + 2) = 15, halafu nikasema x ni kumi na tano, ao x + 2 ni kumi na tano. Na hesabu yenyewe ilikuwa ya malisho: upana ni x, urefu unauzidi kwa mbili, eneo kumi na tano.

"Malisho yako imekula Masisi yote," mwalimu alinitania.

Mara ya kwanza alitania. Baadaye alinuna, na mwisho nikaona ananihurumia, na hapo njo niliogopa. Mchana mmoja mvua ilituzuia wawili darasani. Akaniuliza polepole nina nini na zero. Nikamweleza yote, nikitazama miguu yangu. Hakucheka. Alisema kwao Walikale pia kuna nyama wa pori ambao mwindaji hawataji kwa jina kabla ya kuingia msituni. Kisha akaniuliza:

"Kwenu, maziwa ikiisha, munasema nini?"

"Imejaa, Mwalimu."

"Basi andika zero, usome imejaa."

Jioni ile nilimtazama koko kama sijawahi kumwona. Alimimina maziwa yote yaliyobaki ndani ya kibuyu kikubwa cha kusukia siagi, hata tone la mwisho, akakifukiza kile kidogo, akakikabidhi kwa baba akakamue. Ndani ya kibuyu chenye maziwa ya jana baba hakukamua kamwe; lazima kwanza "kijae", kwa lugha ya koko. Nilisikia maziwa mapya yakigonga ndani, na usingizi wangu ulikuwa mtamu usiku ule.

Siku ya mtihani walituletea malisho mengine, ya namna ileile. Nilipeleka yote upande mmoja. Nilipoandika zero midomo ilicheza, na padri msimamizi alidhani nasali. Vipande viwili vikajitokeza wenyewe. Jibu moja lilikuwa chini ya zero, nikaliacha, maana hakuna malisho ya upana huo. La pili lilikuwa zuri, dogo, la kweli. Nilipoondoka kwenda shule ya waalimu, koko alinipa maziwa ninywe nimesimama, akashika kichwa changu kwa mikono miwili, yenye harufu ya moshi.

Nimefundisha mpaka nywele zikawa nyeupe. Vita ilipokuja tulishuka Goma, na Bihambwe sijaiona tena. Koko alikwisha kupumzika zamani, na katika hilo namshukuru Mungu.

Mjukuu alipomaliza ekwasyo yake, moyo ulinivuta. Nikampigia simu mtoto wa jirani yetu wa zamani, aliyebaki kule, ambaye alikua akinywa maziwa ya nyumba yetu. Nikamuuliza habari za ng'ombe wa kwetu. 

"Imejaa, Papa," akasema. "Kilima yote imejaa."

Nikashukuru, kama mgeni aliyezoea.