Jina Langu Limo Ndani ya Mlango wa Kabati

Admin, ukiiweka hii nifiche vizuri, maana hapa mtaani Kapata mafundi wa samani tunajuana wote. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na sita, nina mke na watoto wanne, na mama yangu mzazi anaishi kwangu. Kazi yangu ni kufufua samani za bei rahisi, zile za aglomere, yaani unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Maseremala wa mbao ngumu wananicheka, wanasema natibu maiti. Wacha wacheke. Aglomere ikiingia maji inavimba kama mkate, mwenyewe anataka kuitupa. Mimi naikausha, naziba mapengo kwa gundi na vumbi la mbao, kisha naipiga msasa kwa mkono mwepesi, kwa sababu ngozi yake ya juu ni nyembamba na ukizidisha kidogo umeshaiharibu. Kazi hiyo ndiyo inayotulisha.

Wiki iliyopita alikuja mama mmoja, mdogo kwangu kiumri, na meza iliyovimba pembeni. Ametoka Kasai, amepata kazi hapa mjini. Karakana yangu ni kibanda kilichoegemea nyumba, akaketi kwenye kigoda, mgongo ukutani.

“Tata fundi, hii itapona?”

Nikamwambia itapona. Basi akaanza kusimulia, bila kuulizwa.

“Mi nilizaliwa hapa hapa Kapata. Balitufukuzaka niko na miaka tano. Tulikuwa na kabati ya aglomere sawa hii. Kila Noeli mama alikuwa anatupima ku mulango, mu ndani, anakwaruza na musumari, anaandika na jina. Sisi, na mutoto moja wa jirani. Kaka yangu Mukendi alikufa mu njia, mu treni. Hatuna hata foto yake moja. Ile mulango njo ilikuwa foto.”

“Na kabati ilienda wapi?” Nilijua, lakini niliuliza.

“Tuliachia ule jirani. Bakasema ilichomwa.”

Ndugu zangu, kabati hilo halikuchomwa. Limo chumbani kwa mama yangu, nyuma ya ukuta ule ule aliokuwa ameuegemea. Mtoto wa jirani ni mimi.

Wakati ule wa kufukuzana, Wakasai walipotimuliwa kutoka mkoa wetu warudi kwao, nilikuwa na miaka kumi na tatu. Mama Kapinga, mama yake huyu mteja, alitukabidhi kabati siku walipokwenda kulala stesheni kungoja treni. Alimwambia mama yangu, “Utunitunzie, tutarudi.” Vijana walikuwa wanaingia nyumba kwa nyumba wakitafuta vitu vya Wakasai, na aliyekutwa navyo aliitwa msaliti. Mama akanipa kopo la rangi ya buluu ambayo baba aliileta kutoka kazini. “Paka na mu ndani,” akasema, “ile majina isionekane.” Nikapaka. Ile ndiyo samani ya kwanza niliyopaka rangi maishani, na watu walinisifu.

Woga ule naweza kuusamehe. Kinachonichoma ni kilichofuata. Mwaka wa pili alikuja mfanyabiashara mmoja na ujumbe wa Mama Kapinga: Mukendi amefariki, kabati bakini nalo, ila ng'oeni ule mlango wa majina tu mniletee. Kampuni aliyofanyia kazi baba ilikuwa imeanguka, hapati mshahara, tumeuza hadi vitanda, na kabati lile ndilo kitu kizuri pekee kilichobaki. Mama akamtazama yule mtu machoni akasema limechomwa. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na nikanyamaza.

Jioni ile mteja alipoondoka nilimweleza mama. Amezeeka, ana presha. Alikaa kitandani akageukia ukuta.

“Mutoto, funga kinywa. Tulisemaka ilichomwa, basi ilichomwa. Atasema ni sisi njo tulibafukuza.”

“Mama, anatafuta tu alama ya kaka yake.”

“Ukimuonyesha, mi nitatoka mu hii nyumba.”

Hajala vizuri tangu siku hiyo, na mke wangu ananiuliza nimemfanya nini.

Jumapili mama alipokwenda misa nilifungua ule mlango, nikaanza kuukwangua. Sijawahi kuogopa kazi hivyo. Niliogopa kwamba nikipitiliza nitamfuta Mukendi mara ya pili. Lakini rangi ya juu ilitoka, na ile iliyoingia kwenye mikwaruzo ya msumari ikabaki, kwa hiyo majina yanatokea ya buluu juu ya mbao nyeupe. La kwanza kutokea lilikuwa langu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mrefu. Chini yake kiganja kimoja, Mukendi. Ananifika kifuani sasa. Nilikaa chini nikalia.

Meza yake iko tayari na anaifuata Jumamosi. Hajui kuwa mimi ni nani, ananiita fundi tu. Ninaweza kumpa mlango nikamwambia niliupata kwa muuza vitu vya zamani, akafurahi, mama yangu akabaki na amani. Lakini ili uongo huo usimame, lazima kwanza nilitoe jina langu pale, maana siku akisikia naitwa nani atajua mlango ulitoka kwetu. Msasa mara tatu tu, halipo tena. Wateja wengine hunilipa kwa kazi ya aina hiyo hiyo. Leo asubuhi niliushika msasa, nikauweka juu ya herufi ya kwanza, mkono ukakataa.

Nimekuomba admin ufiche jina langu, na najiona mnafiki kuomba hivyo. Ninyi mnaosoma, hasa mliofukuzwa na ninyi mliobaki na vitu vya watu ndani ya nyumba, niambieni kabla ya Jumamosi: nimpe mlango ukiwa na jina langu, mama yangu anisusie, au nilifute? Nifanye nini?